Bunduki Isiyoulizwa

Mhadhara uliotolewa mjini Kindu mbele ya vijana, wawindaji, walimu na mashefu wa mitaa



Mada niliyopewa inasemeka kwa pumzi moja: raia afundishwe vipi kutumia bunduki ili ajilinde. Najua imetoka wapi. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo, ni nadra kikao cha vijana kumalizika hapa bila mmoja kusimama na kusema, "Mzee, mutupatie silaha, mji wetu tutaulinda sisi wenyewe." Yuko na mwingine, baba wa watoto, ambaye vita vya Kivu havimnyimi usingizi sana. Anayemnyima usingizi ni yule anayebisha mlango saa nane za usiku akiwa na panga. Naye anataka bunduki.

Maombi haya mawili yanachanganywa kila siku, na mimi nitayatenganisha. Nitaanza na la baba, maana majibu yake yanapimika kwa mita na sekunde.

Wako watu duniani wanaofundisha raia kujihami kwa silaha, na hiyo ndiyo kazi yao. Aliyewatangulia wengi wao kwa umaarufu ni Jeff Cooper, afisa wa zamani wa Marines wa Marekani, aliyefungua shule yake jangwani Arizona mwaka 1976. Mtu angedhani mafunzo yake yanaanza kwa kulenga shabaha. Yanaanza kwa kanuni nne ambazo leo zinarudiwa karibu katika kila uwanja wa shabaha. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe dakika iliyopita. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yako yawe yameshika shabaha. Na ya nne: ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake.

Tatu za kwanza askari yeyote aliyepita kambini amezisikia, ingawa ukiwaangalia baadhi yao wakiwa juu ya pikipiki, bunduki begani na mtutu ukiwachungulia wapita njia, utajiuliza kama walikuwa wanasikiliza. Ya nne ndiyo nitakayoishikilia leo hadi mwisho.

Cooper alifundisha pia hali nne za akili, akazipa rangi. Nyeupe ni mtu asiye na habari, anayetembea akichezea simu. Manjano ni mtu aliyetulia lakini macho yako wazi. Rangi ya chungwa ni mtu aliyeona jambo fulani mahususi lisilo la kawaida na anaanza kujiuliza afanye nini. Nyekundu ni aliyekwisha kuamua. Angalieni: katika rangi hizo zote bunduki haijatajwa. Mwalimu huyu mashuhuri wa bastola alisema kwamba anayeuawa mara nyingi huuawa kwa sababu alikuwa katika nyeupe, na hapo chuma kiunoni hakimsaidii.

Sasa twende kwenye mita. Mwaka 1983 sajenti mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio lake dogo. Alitaka kujua mtu mwenye kisu, akikurukia mbio, anahitaji muda gani kukufikia akiwa umbali wa futi 21, yaani kama mita 6.4. Jibu lilikuwa karibu sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio polisi aliyezoezwa anaohitaji kuchomoa bastola yake na kupiga. Huyo ni polisi, bastola iko kiunoni, yuko macho, amevaa viatu.

Leo jioni kapime nyumbani kwako. Toka mlangoni hadi kitandani ni hatua ngapi? Wengi wetu hatufiki mita sita. Ukiwa umelala, bunduki iko juu ya kabati na risasi ziko ndani ya sanduku chini ya nguo za mama, mwenye panga atakuwa amekufikia kabla hujaikumbuka. "Basi," utasema, "nitaiweka chini ya mto, ikiwa na risasi ndani." Sawa. Na mtoto wa miaka mitano anayepanda kitandani asubuhi kukuamsha? Bunduki iliyo salama kwa mtoto haikufai usiku wa shambulio, na iliyo tayari kwa shambulio ni hatari kwa mtoto kila siku ya mwaka. Hilo halitatuliwi na mafunzo. Mwenye nyumba analichagua, na ni bora achague macho yakiwa wazi.

Tuseme basi umeamka, umeishika, umetoka uani. Utampiga? Shirika la utafiti la RAND lilichambua rekodi za polisi wa New York kuanzia 1998 hadi 2006. Pale ambapo polisi na mshukiwa walirushiana risasi, ni 18 tu kati ya kila risasi 100 za polisi zilizompata aliyelengwa. Hata pale ambapo mshukiwa hakujibu kwa risasi, zilifika kama 30. Hao ni watu wanaolipwa, wana uwanja wa shabaha, wana wakufunzi, wana risasi za kufanyia mazoezi zinazonunuliwa na jiji tajiri. Hofu hukaza mikono, hupunguza macho yaone kama kupitia bomba, na giza hufanya kazi iliyobaki.

Kwa hiyo swali la fundi ni hili: zile nyingine 82 zilikwenda wapi? Risasi ya kalashi hutoka mtutuni ikienda zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Haiulizi ukuta wa udongo na fito ulijengwa na nani. Hapa Kindu, mtaani Mikelenge, kuna viwanja ambavyo kati ya ua wa mtu na chumba cha watoto wa jirani kuna ukuta mmoja mwembamba na mti wa papai. Kanuni ya nne, ijue shabaha na kilicho nyuma yake, huko haitekelezeki usiku. Mtu akiniambia amejifunza "kupiga vizuri", namwuliza kama amejifunza wapi asipige kabisa.

Kuhusu sheria nitapita upesi, mawakili mko humu. Sheria yetu ya Congo ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi hairuhusu mtu kumiliki bunduki bila kibali, iwe ya kuwindia au nyingine. Kujihami mahakama zetu zinakutambua, lakini kwa masharti ambayo mtu mwenye hasira huyasahau: shambulio liwe lisilo la haki, liwe linatokea sasa hivi, na jibu lako lilingane nalo. Mwizi aliyekwisha kuruka ua na redio yako mkononi anakimbia. Ukimpiga mgongoni hapo hujihami tena, umeua mtu kwa ajili ya redio.

Kuna watu katika jimbo hili la Maniema waliofundishwa silaha vizuri, na hakuna anayewaalika kwenye mihadhara. Nimefurahi kuona baadhi yao wamekaa nyuma. Nasema wawindaji. Mwindaji mwenye gobore au kalibre 12 anayeijua kazi yake hapigi kichaka kinachotikisika. Usiku, tochi ikiwa kwenye paji la uso, anaona macho mawili yanang'aa, na bado anangoja aone mwili, kwa sababu msituni yuko peke yake kwa mawazo tu; wengine wa kijiji wanaweza kuwa humo wakiangalia mitego yao. Kartushi ni ghali, kwa hiyo zinahesabiwa. Aliondoka na tatu, karudi na mbili, nyama iko wapi? Mkewe anauliza, ndugu zake wanauliza, shefu akisikia mlio usioeleweka anauliza.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Bunduki ile inaulizwa. Mwenye nayo anajulikana, risasi zake zina hesabu, na mlio wake lazima uelezwe. Ndiyo maana katika vijiji vingi gobore ipo miaka mingi bila kuwa janga. Janga la Maniema limekuja kila mara bunduki ilipofikia mahali ambapo hakuna tena wa kuiuliza. Nitatoa ushahidi, na wote ni wa hapa kwetu.

Tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe, kando ya mto wetu huuhuu, huko juu upande wa Kasongo. Soko lile lilijaa watu zaidi ya elfu, wengi wao wanawake waliovuka kwa mitumbwi na samaki, mihogo, mafuta na vyungu. Msafiri David Livingstone alikuwepo akisubiri mtumbwi ambao hakuna aliyetaka kumpa. Akawaona watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wameingia sokoni na bunduki, jambo lisilokuwa desturi, na mmoja wao akaanza kubishana bei ya kuku. Livingstone alikuwa anaondoka aliposikia milio. Watu walikimbilia mitumbwi, wakakanyagana, wakaruka majini. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na wengi walimezwa na mto.

Watu husimulia habari hii ili kuonyesha ukatili wa biashara ya utumwa, nao wana haki. Mimi naisoma na kwa jicho jingine. Livingstone alikuwa na bastola. Aliandika kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji, lakini Dugumbe akamzuia asijitie katika kisasi cha damu, na baadaye akashukuru kwa kumsikiliza. Fikirini hilo, enyi mnaosema kwamba mtu mwema mwenye bastola angeokoa soko. Alikuwepo mtu mwenye bastola na hasira ya haki, na bastola ile moja katikati ya bunduki nyingi ingeongeza maiti tu. Kama wale watatu wangezuiwa kuingia sokoni na bunduki asubuhi ile, hapo ndipo watu wangeokolewa. Hakukuwa na mlinzi wa soko wa kuwauliza.

Miaka tisini baadaye tunafika hapahapa Kindu. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za C-119 za kikosi cha 46 cha anga cha Italia, kinachokaa Pisa, zilitua kwenye uwanja wetu. Walikuwa Waitaliano 13 wakiwaletea vifaa askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya waliokuwa na kambi mjini. Wakaenda kula chakula cha mchana na wenyeji wao. Mji ulikuwa umejaa askari wa Congo waliotoka upande wa Stanleyville wakielekea vita vya Katanga, na uvumi ukaenea kwamba waliotua ni Wabelgiji, mamluki wa Tshombe, mkuu wa Katanga iliyojitenga. Askari walivamia wakawashika, na wote 13 wakauawa. Miili yao ilipatikana mwaka uliofuata katika makaburi ya Tokolote ikarudishwa kwao. Ukienda Pisa leo utakuta mahali pao pa ukumbusho, na uwanja wa ndege wa Fiumicino huko Roma una mnara wao. Jina la Kindu, kwa Mtaliano mwenye umri mkubwa, maana yake ni hilo tu. Inaniuma, nakiri, kwamba mji wenye mto kama huu unajulikana huko kwa mchana mmoja.

Wale askari hawakuwa wezi. Wengi wao waliamini wanailinda nchi. Katanga ilikuwa imejitenga kweli, mamluki walikuwepo kweli, Lumumba alikuwa ameuawa kweli mwezi Januari mwaka uleule. Walikuwa na sababu zote za kuogopa, na kidole kwenye kifyatulio. Kilichokosekana ni kanuni ya nne. Hakuna aliyesema, "Ngojeni, tuwaulize hawa ni nani." Wala hakukuwa na afisa ambaye neno lake lingetosha kuwasimamisha.

Mwaka 1964 nitautaja tu. Waasi wa Simba waliingia Kindu mwezi Julai na walitolewa mwanzoni mwa Novemba na safu ya Kanali Vandewalle wa Ubelgiji pamoja na mamluki. Katika kipindi hicho, watu wengi waliosoma na waliofanya kazi za serikali waliuawa. Familia zenu zinajua zaidi ya vitabu. Nasema jambo moja tu kuhusu ile dawa yao, yale maji ya kumwagiwa ili risasi zigeuke maji. Vijana mnaicheka, lakini dawa ile ilikuwa na masharti makali: usiibe, usimguse mwanamke, usigeuke nyuma. Ilikuwa nidhamu iliyovalishwa nguo ya miujiza. Masharti yalipovunjwa, ikabaki hasira yenye bunduki.

Sasa nifike kwenye jambo gumu zaidi, kwa sababu hapa waliochukua silaha walikuwa na haki, na walishinda.

Mnamo 2005, katika teritware ya Shabunda, jirani zetu wa mashariki, waasi wa FDLR kutoka Rwanda waliua wanakijiji, na mchungaji wa Kikimbangu aitwaye Jean Musumbu akakusanya vijana, akawapa dawa, mapanga na mikuki. Wakajiita Raia Mutomboki, raia wenye hasira. Walinyamaza kidogo, kisha mwaka 2011 jeshi likawaondoa askari wake vijijini ili kuwapanga upya katika regimenti. Kwa wanakijiji maana yake ilikuwa moja: aliyelipwa kutulinda ameondoka, na FDLR wamebaki. Raia Mutomboki ikafufuka, ikasambaa kama jina bila ofisi wala mkuu mmoja. Kila kijiji kikawa na yake. Ilivuka ikaingia Walikale, Masisi, Kalehe, na kwetu pia, upande wa Punia na Pangi. Na waliwafukuza FDLR kutoka sehemu kubwa ya Shabunda. Operesheni za jeshi za miaka mingi hazikufanya hivyo.

Nasema hili wazi kwa sababu nimechoka na mihadhara inayowaambia wanakijiji kwamba kujilinda ni ujinga. Haikuwa ujinga. Kama mimi ningekuwa Shabunda mwaka 2011, sijui ningekataa vipi.

Lakini endeleeni na hadithi. Kati ya Aprili na Septemba 2012, huko Masisi, Umoja wa Mataifa ulithibitisha kuuawa kwa raia wasiopungua 264, wakiwemo watoto 83, katika mashambulio zaidi ya 75 ya vikundi vyenye silaha, na sehemu kubwa ilifanywa na Raia Mutomboki. Wengi waliuawa kwa kuwa walizungumza Kinyarwanda. Kikundi kilichoanza kwa kumtambua adui vizuri kabisa, kwamba ni yule aliyechoma nyumba yetu wiki iliyopita, kilifika mahali pa kumtambua adui kwa lugha ya mama anayelia. Na huko FDLR walikokwisha kuondoka, barieri za kutoza wapita njia zilibaki. Mwenye machimbo alilipa, mama mwenye ndizi alilipa. Kijana aliyeacha shamba akiwa na miaka kumi na saba sasa ana ishirini na tano, na kazi anayoijua ni moja.

Hawakukosa shabaha. Tena hawakukosa ujasiri. Walikosa daftari, yaani wa kuandika nani ana nini. Walikosa mtu ambaye angeweza kusema "rudisheni" na wakarudisha. Walikosa siku ya mwisho. Kule Kabambare mliona jambo la namna hiyo likijirudia kwa wanamgambo wa Mai-Mai Malaika wa Sheikh Hassani karibu na Salamabila na dhahabu ya Namoya: walijiita walinzi wa haki ya wenyeji, na wenyeji haohao ndio waliolala porini risasi zilipoanza. Na wale wanaoukumbuka mwaka 2002 hapa Kindu, askari wa Rwanda walipoondoka na Mai-Mai wakauzunguka mji, wanajua mwanamke aliyekwenda shambani alivyoshukiwa na pande zote mbili.

Sasa narudi kwa kijana wa kikao, yule wa "mutupatie silaha".

Katiba yetu ya 2006 inamwambia mambo mawili kwa sauti mbili. Ibara ya 63 inasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda nchi dhidi ya uvamizi kutoka nje. Ibara ya 190 inasema kuunda vikosi vya kijeshi au wanamgambo wa binafsi ni uhaini mkuu. Wengi husoma moja, wakafunga kitabu. Mwezi Novemba 2022 Rais aliwaomba vijana wajiunge na jeshi na waunde vikundi vya uangalizi. Ndipo jina la Wazalendo likatapakaa kila mahali. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba la ulinzi, ili watu hao wawe na mahali katika nyumba ya taifa. Kwa karatasi, hiyo ndiyo njia ya kuziunganisha zile ibara mbili: mtoto wa nchi anailinda nchi, na nchi inamwandika.

Basi kijana, dai hilo. Usidai bunduki, dai daftari. Ukiitwa, uliza: jina langu limeandikwa wapi? Namba ya silaha ni ngapi, na iko kwenye kitabu cha nani? Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi yetu ilitia saini, inataka silaha za dola zitiwe alama ili ijulikane zimetoka kwa nani. Uliza: nitafundishwa wiki ngapi, na nikimpiga raia nitahukumiwa na mahakama gani? Kamanda anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu. Najua njaa ipo, na sare inamvutia mtu asiye na kazi. Lakini huyo huyo kamanda, siku utakayojeruhiwa, atasema hakujui, na kwa kuwa hakuna daftari atakuwa anasema kweli.

Kuna pia kujilinda kusikohitaji bunduki. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walijilinda na wezi wa ng'ombe kwa Sungusungu: mishale, na zaidi ya mishale, yowe. Yowe likipigwa, kila mwanaume anatoka, njia zinazibwa, kijiji cha pili kinapokea. Haikuwa safi, waliwaua pia vikongwe walioitwa wachawi, na serikali ilichelewa kuwaweka chini ya sheria. Lakini sehemu iliyofanya kazi, ile ya taarifa inayokimbia kuliko mwizi, haikuhitaji risasi hata moja.

Kwetu Congo tuna somo kali zaidi. Desemba 2009, huko Makombo, Haut-Uélé, waasi wa LRA kutoka Uganda walipita kijiji baada ya kijiji kwa siku nne wakaua watu zaidi ya 300. Dunia ilipata habari kamili mwezi Machi uliofuata. Siku nne, vijiji mfululizo, na kijiji cha tano hakikujua yaliyotokea katika cha kwanza! Baada ya hapo kanisa na mashirika wakaweka redio za foni vijijini, na watu wakaanza kuambiana kila asubuhi na jioni nani kaonekana wapi, anaelekea upande gani. Foni tunaijua sana hapa. Wafanyabiashara wetu wameitumia miaka kwa miaka kuuliza bei ya mchele Kasongo. Hayo ndiyo matayarisho ninayoyaita ya kivitendo: saa mbili za kutangulia. Mtu mwenye saa mbili anavusha mama yake na watoto ng'ambo ya mto. Mwenye bunduki na asiye na habari anaamshwa na mlango ukivunjwa.

Kwa yule baba wa saa nane za usiku, basi, mlango wenye komeo la chuma ndani, unaomchelewesha mtu dakika tatu, ni bora kuliko gobore, kwa sababu dakika tatu ni umbali wa firimbi. Firimbi kila nyumba, nyumba kumi zikiwa na mpango: nani anatoka, nani anabaki na watoto, nani anapigia polisi simu, na wote wanatoka na tochi, maana mwizi anapenda giza kuliko anavyoogopa panga. Mbwa anayelala uani, wala asilishwe na kila mpita njia. Shefu wa mtaa aandike usiku wa zamu. Ni kazi ya kuchosha, na haina fahari ya kubeba bunduki. Wazee wa mtaa wa Alunguli mtanisahihisha, lakini zamu huvunjika kila mahali kwa sababu ileile: mwezi wa pili matajiri wanaacha kuja, wanalipa mtoto wa maskini awalindie. Shefu asikubali.

Wenye bunduki za kuwindia majumbani, zenye vibali na zisizo navyo, nawaomba tuzungumze mkishatoka humu bila kuogopana. Kule Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilikuwa likipokea bunduki na kutoa baiskeli, na watu walileta, kwa sababu baiskeli inabeba gunia la muhogo na hakuna anayekuua ili akunyang'anye usiku. Sijui kama baiskeli zitatufikia hapa. Kibali kinaweza kufika, na risasi zinaweza kufungiwa mahali pengine mbali na mtutu hata leo jioni.

Limebaki swali moja, na nimeliona machoni mwa ndugu aliyetoka upande wa Punia tangu nilipoanza. Na pale ambapo hakuna polisi, hakuna mtandao, na askari wako mbali siku tatu kwa miguu? Hapo, ndugu, watu watachukua walicho nacho, kama Shabunda mwaka 2011, na sitakuja kuwahukumu nikiwa nimekaa Kindu. Nitawaomba wafanye kikao kimoja kabla ya kugawa chochote. Majina yaandikwe. Risasi zishikwe na mtu asiyebeba bunduki, ikiwezekana mwanamke mzima anayeheshimiwa na asiye na mtoto katika kikundi. Na siku ya kurudisha iandikwe kwenye karatasi ileile, mwezi na tarehe, mbele ya akina mama wa soko, kwa sababu wao ndio watakaoikuta bunduki hiyo kwenye barieri ikiwa haikurudishwa.